Usizibe Dirisha Hilo Kwanza: Chumba cha Kumiksia Muziki Kinavyofanya Kazi

Kijana mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, aliniita nikamwangalizie chumba. Nilipofika nikakuta bloku 16 za inchi 6 zimepangwa nje ya mlango, mchanga umeshachekechwa na mfuko wa saruji umeshachanwa. Alikuwa anamsubiri fundi aje kuziba dirisha.

"Kaka, hili dirisha ndilo linaloniharibia miksi," alisema.

Shida yake ni ya kweli, na wengi wanaotengeneza muziki majumbani, kuanzia Shangani na Mikindani hadi kule Lindi mjini, wanaijua. Wimbo ukiwa chumbani besi iko sawa kabisa. Ukiupeleka kwenye sabufa ya sebuleni kwa jirani, besi inanguruma hadi maneno ya mwimbaji hayasikiki. Unarudi, unaipunguza, sasa wimbo unakuwa mkavu. Mtu akihangaika hivyo wiki mbili lazima atafute mchawi, na dirisha ndilo linaloonekana kwanza, maana studio kubwa tunazoziona kwenye video hazina madirisha. Nilimwomba amwahirishe fundi kwa siku moja.

Kwa asiyeijua kazi hii: kumiksi ni kuchukua sauti za wimbo zilizorekodiwa mojamoja, yaani ngoma, besi, kinanda na mwimbaji, kisha kuzipatanisha ili kila moja ikae mahali pake bila kuifunika nyingine. Prodyuza anaamua kwa masikio. Lakini masikio hayapokei sauti ya spika peke yake. Yanapokea sauti ya spika pamoja na sauti zilizogonga ukuta, dari, sakafu na kioo zikarudi. Kwa hiyo chumba ni mizani. Mkulima wa korosho wa Tandahimba hahitaji kuelezwa jambo hili: mizani ikidanganya, gunia liwe zuri vipi, hesabu itatoka mbovu.

Kazi mbili zinazoitwa kwa jina moja

Chanzo cha mkanganyiko ni neno "saundiprufu". Watu wanalitumia kwa kila kitu kinachobandikwa kwenye ukuta wa studio, kumbe ndani yake kuna kazi mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni kuzuia sauti isipite: ya ndani isimsumbue jirani, ya bodaboda isiingie kwenye maikrofoni. Ya pili ni kutuliza sauti ambayo tayari imo ndani, isizunguke na kurudi masikioni mwako.

Fikiria ngalawa. Fundi anapotia kalafati kwenye nafasi za mbao anazuia maji ya bahari yasiingie. Hapo kinachotakiwa ni kitu kizito, kigumu, kisicho na tundu. Maji yakishaingia chomboni, utayakausha kwa kitambaa au sponji. Ubao haukaushi maji, na sponji haizuii bahari. Sauti nayo iko hivyohivyo. Bloku, saruji na kioo kinene huzuia, lakini karibu havinyonyi chochote. Pamba, godoro na pazia hunyonya, lakini jirani ataendelea kukusikia kama kawaida.

Sasa rudi kwa kijana wa Chikongola. Shida yake ilikuwa ya pili, dawa aliyoishika ilikuwa ya kwanza. Angeziba dirisha kwa bloku angepata utulivu kidogo wa bodaboda, na chumba kingekuwa kibaya kuliko kilivyokuwa. Kioo cha milimita 4 au 5 huyumba kidogo besi inapokigonga, na sehemu ya besi hiyo hupenya ikaenda zake nje. Ukuta wa bloku uliopigwa plasta huirudisha karibu yote.

Dirisha wazi ndilo lililokuwa kipimo

Kuna kisa hapa ambacho nadhani kila prodyuza angepaswa kukijua. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi wa mihadhara usiofaa kitu. Neno moja la mwalimu lilibaki hewani kwa zaidi ya sekunde 5, likagongana na maneno yaliyofuata. Kazi ya kutafuta tatizo akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akiwa na filimbi ya kinanda cha kanisani na saa, huku wasaidizi wake wakibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuirudisha kabla ya asubuhi. Alikuwa anapima: mito kadhaa ikiongezwa, sauti inakufa kwa haraka kiasi gani?

Alipotafuta kitu cha kulinganishia, alichagua dirisha lililo wazi. Sababu ni nyepesi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo kila mita mraba ya dirisha wazi ni mita mraba ya unyonyaji kamili. Pazia, mto, zulia na hata mtu aliyekaa kitini, vyote vilipimwa kwa kuulizwa: hiki ni sawa na dirisha wazi lenye ukubwa gani? Sayansi ya kisasa ya sauti za majengo ilianzia hapo, kwenye kitu kilekile ambacho sisi tunakizibia saruji.

Kanuni yake bado inatumika. Zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji uliomo, utapata sekunde ambazo sauti huchukua kufifia kabisa. Chumba cha Chikongola kina urefu wa mita 3.6, upana mita 3 na kimo mita 2.7, yaani ujazo wa mita za ujazo 29 hivi. Kikiwa kitupu, kuta za plasta na sakafu ya vigae, kinakaribia sekunde 2. Chumba kidogo cha kumiksia kinatakiwa kiwe kati ya sekunde 0.2 na 0.4. Ukipiga hesabu ya kufika 0.3, unahitaji unyonyaji wa mita mraba 15 na ushei. Ni kama kuwa na madirisha 15 wazi, kila moja la mita mraba moja, ndani ya chumba cha kulala. Hesabu hii ni ya kukisia kwa chumba kidogo, lakini inatosha kukuonyesha ukubwa wa kazi, na kwa nini trei tano za mayai zilizobandikwa ukutani hazijawahi kumsaidia mtu.

Dirisha lake ni lile la aluminiamu la kusukuma, mita 1.2 kwa 1.2. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo likiwa wazi linatoa mita mraba 0.72. Fundi akikutengenezea paneli ya kunyonya sauti ya sentimita 60 kwa 120, eneo lake ni hilohilo, 0.72. Kijana alikuwa anataka kulipa fundi amwondolee paneli aliyopewa bure na nyumba.

Besi haitembei kama mwanga, inajaa kama maji

Hadi hapa nimezungumzia sauti za kati na nyembamba. Besi ina tabia zake, na ndiyo iliyokuwa ikimsumbua kijana.

Sauti ni mtikisiko wa hewa, na idadi ya mitikisiko kwa sekunde ndiyo inayoitwa hezi. Kwenye joto letu la nyuzi 28 sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Wimbi la hezi 10,000, mlio wa tasa za dramu, lina urefu wa sentimita 3.5 tu. Linakwenda kama mwanga wa tochi: linapiga kioo, linaruka. Wimbi la hezi 60, mgoto wa dramu la miguu, lina urefu wa karibu mita 6. Ni refu kuliko chumba chenyewe, kwa hiyo halirukiruki, linajaa.

Chukua beseni la maji, lisukume mbele na nyuma taratibu hadi upate mdundo wake. Maji yatapanda upande huu, yashuke, yapande upande wa pili. Angalia katikati: pale maji hayapandi wala hayashuki, yanapita tu. Chumba nacho kina mdundo wake. Gawanya 348 kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa mita 3.6 unapata hezi 48, kwa mita 3 unapata 58, na kwa kimo cha mita 2.7 unapata 64. Noti zinazoangukia hapo, kwenye kuta na hasa kwenye kona, zitavimba. Katikati ya chumba zitapotea.

Unajua kijana alikuwa amekaa wapi? Katikati kabisa, mita 1.8 kutoka kila ukuta wa mwisho, kwa sababu panapendeza na pangaboi liko juu yake. Alikuwa ameketi pale ambapo maji hayapandi. Hasikii besi, anaiongeza, anaona imekaa. Akiipeleka kwenye sabufa ya jirani, ile aliyoongeza yote inamwagika. Dirisha lilikuwa halihusiki hata kidogo.

Chumba cha mraba, mita 3 kwa 3, ni kibaya zaidi, maana pande mbili zinavimba kwenye noti ileile. Kama una vyumba viwili vya kuchagua, acha cha mraba kiwe cha kulala.

Kupanga kabla ya kununua

Tulianza kwa kuhamisha meza, kazi isiyogharimu shilingi. Spika zipige kufuata urefu wa chumba, ili ukuta wa nyuma yako uwe mbali. Kiti kikae karibu asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele. Kwa mita 3.6 ni kama mita 1.37. Namba hiyo si sheria, ni pa kuanzia: sogea mbele au nyuma sentimita 20 huku ukisikiliza. Spika mbili na kichwa chako zifanye pembetatu ya pande sawa, na vispika vidogo vya sauti nyembamba viwe usawa wa masikio. Umbali wa spika ya kushoto hadi ukuta wa kushoto uwe sawa na wa kulia, kwa futi kamba, si kwa macho.

Nyuma ya spika kuna mtego mmoja. Besi huzunguka spika, ikapiga ukuta wa nyuma yake, ikarudi na kugombana na sauti inayotoka mbele. Spika ikiwa sentimita 60 kutoka ukutani, shimo linatokea, yaani sauti inapotea, karibu na hezi 145, mahali penye mwili wa sauti ya mwanaume na gita. Isogeze hadi sentimita 20 na shimo linapanda hadi karibu hezi 435, ambako paneli ya kawaida inaweza kulipunguza. Kwa hiyo kwenye vyumba vyetu vidogo, karibu na ukuta ni bora kuliko nusunusu. Kwenye kona ndiko usiiweke spika.

Na dirisha liende wapi? Nikiulizwa mimi, liwe mbele, katikati ya spika. Sauti nyembamba zinatoka spika kuja kwako, hazirudi nyuma kwenye kioo kwa wingi, na besi inayofika pale sehemu yake inatoka nje. Kushoto na kulia vinabaki sawa. Tatizo lake ni mwanga wa asubuhi machoni na mpita njia kuiona kompyuta yako. Pazia jepesi linamaliza yote mawili.

Dirisha la nyuma yako nalo ni zuri, hasa likiwa wazi, kama jirani ni mvumilivu.

Dirisha la ubavuni ndilo lenye mashaka, na hata hapo si kwa sababu ya kioo. Kioo na plasta hurudisha sauti nyembamba kwa kiasi kinachokaribiana. Shida inakuja ukilifungua au ukilitundikia pazia zito, huku ukuta wa upande wa pili ukiwa mtupu: kulia kunang'aa, kushoto kumekufa, na mwimbaji anaonekana kuegemea upande mmoja. Dawa ni kufananisha. Tengeneza paneli mbili zinazofanana, moja itundike ukutani, nyingine iwe ya kuning'iniza kwenye kulabu mbele ya dirisha wakati wa kumiksi, kisha unaiondoa upate upepo. Pa kuzitundika utapajua kwa kioo cha kujitazamia: kaa kitini, mwenzako atelezeshe kioo ukutani, na pale utakapoiona spika ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia.

Wazi au limefungwa? Chagua moja na ubaki nalo kwa wimbo wote. Besi ya chumba hubadilika ukilifungua. Mwezi wa pili, joto na unyevu wa pwani hii vikiungana, hutamiksi kwa saa tano ndani ya sanduku la saruji, na masikio ya mtu anayetoka jasho hayaamui vizuri. (Mvua ikianza kupiga bati, hiyo ni habari nyingine. Zima kila kitu, kanywe chai.)

Usumba, magunia na yale yanayobandikwa

Vitu vinavyonyonya sauti ni vile ambavyo hewa inapenya kwa shida: inapopita kwenye nyuzi inasuguana nazo na nguvu yake inageuka joto dogo mno. Ili ifanye kazi, hewa lazima iwe inakimbia. Kumbuka beseni: ukutani maji yanapanda na kushuka lakini hayakimbii. Ndiyo maana kitu chembamba kilichogandishwa ukutani hakigusi besi. Kinagusa mawimbi mafupi tu. Unene na nafasi ya hewa nyuma yake ndivyo vinavyoshusha kazi hadi chini.

Hapo ndipo trei za mayai zinapoanguka. Ni karatasi nyembamba, haina nyuzi za kutosha wala unene. Zinavunjavunja kidogo sauti za juu na kukufanya uhisi chumba kimebadilika. Zinashika moto haraka, tena kwenye chumba chenye nyaya za umeme kila kona. Sponji zile za pembetatu za sentimita 3 au 5 ni afadhali, lakini ukifunika nazo kuta zote unaua sauti nyembamba na kuiacha besi peke yake ikitamba. Chumba kinakuwa kizito na bado kinadanganya. Zulia na pazia la kawaida vina mwenendo huohuo.

Kinachofaa ni paneli nene. Seremala anakupigia fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, inajazwa pamba ya nyuzi za kioo, ile ya njano inayotandazwa juu ya dari kuzuia joto, na inafungwa kwa kitambaa. Vaa glavu na barakoa, nyuzi zake zinawasha. Usipoipata, pwani yetu ina usumba, nyuzi za makumbi ya nazi ambazo wazee walijazia magodoro. Usumba hunyonya sauti za kati na za juu vizuri ukiwa mnene, kwa hiyo upe sentimita 15 badala ya 10, uwe mkavu kabisa, na usiulaze karibu na soketi. Kwa kufunika, gunia la juti la korosho linatosha. Kipimo cha kitambaa ni mdomo wako: ukipuliza na pumzi ikapita, sauti nayo inapita. Mfuko wa sandarusi haufai.

Paneli za kwanza ziende kwenye kona, zimesimama kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zimekata kona kwa mshazari ili nyuma yake ibaki hewa. Kona ndiko besi zote zinakokutana. Zifuatazo ni za ubavuni kwenye alama za kioo, kisha moja juu ya kichwa. Kitanda kilichobaki chumbani kikae kwenye ukuta wa nyuma, godoro linasaidia. Kama juu ni jipsamu chini ya bati, besi kiasi inavujia huko yenyewe, na hilo ni heri kuliko zege.

Wengine watakwambia yote haya hayana maana, kuna programu inayopima chumba na kurekebisha spika. Kupima ni jambo jema, na Room EQ Wizard unaipata bure, unahitaji maikrofoni ya kupimia tu. Kurekebisha ndiko kwenye mipaka. Uvimbe wa besi programu inaweza kuupunguza. Shimo haiwezi kulijaza, kwa kuwa kila unachoongeza kinafutwa na mawimbi yaleyale: ni kumimina maji kwenye ndoo isiyo na kitako.

Kwa Chikongola tulimaliza na dirisha lenyewe. Tulipiga mlio mmoja wa besi ukipanda polepole kutoka hezi 30 hadi 200. Karibu na 90 fremu ya nyavu ikaanza kutetema, na mbele kidogo kioo kikafuata kwenye reli yake. Kijana alikuwa akiusikia mtetemo huo miezi yote, akidhani ni spika inachanika. Tulibana kipande cha mpira wa dirisha kwenye reli, tukakaza skrubu mbili za nyavu, na kwa usiku akakata ubao wa plaiwudi unaoingia kwenye fremu kwa kubana, wenye mpira pembeni, ili jirani alale. Asubuhi anautoa.

Wimbo uleule alioupunguza na kuuongeza kwa wiki mbili aliumaliza siku ya tatu, akiwa ameketi mita 1.4 kutoka dirishani, likiwa limefunguliwa nusu. Bloku 16 zimeanzishia banda la kuku. Banda liko upande wa pili wa dirisha, na jogoo ameshaingia kwenye rekodi mbili.